MAONI YETU: BIMA YA FUNDI WA KUFULI, NANI AIBEBE?



Mwezi uliopita fundi mmoja wa kufuli, mwanachama wetu, alivuka kutoka Bodo kwenda Funzi na sanduku lake la kazi. Alikuwa ameitwa kubadilisha vitasa katika nyumba moja ya wageni kisiwani, kwa sababu hewa ya chumvi ilikuwa imevila na funguo hazizunguki tena. Maji yalikuwa yanakupwa. Mashua ikagota mchangani, ikalala ubavu, na sanduku likazama. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo ya kuchonga funguo, keekee ya umeme, jiliwa, tupa za kila namna, na funguo mbichi za kazi ya miezi miwili. Mwenyewe alitoka salama, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini alipokwenda ofisi ya bima, ambako alikuwa amelipa kwa mwaka mzima, alionyeshwa mstari mmoja katika karatasi zake: vyombo vina bima vikiwa ndani ya duka lake Ukunda. Baharini havimo.

Hatutaji jina la kampani hiyo, wala hatumlaumu karani aliyemsomea mstari ule. Mstari ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Tunalosema ni kwamba fundi yule alinunua bima isiyofanana na kazi yake. Fundi wa kufuli wa pwani yetu ya kusini hushinda njiani: leo Msambweni, kesho Diani, kesho kutwa Gazi, na mtondo Funzi au Shimoni. Duka lake ni sanduku lake. Aliyemwuzia bima hakumwuliza habari hiyo, na yeye hakujua kwamba yapasa kuelezwa.

Wengine watasema: Mafundi wa kufuli ni wangapi hata chama kijishughulishe nao? Ni kweli ni wachache. Lakini jambo lao ni la kila mtu wa kazi ya mkono, awe fundi wa umeme, seremala, mchomelea vyuma au fundi wa mabomba. Siku hizi mtu akitafuta kazi katika hoteli au nyumba kubwa za kupangisha huko Diani, mara nyingi haulizwi kwanza kama anaijua kazi. Anaulizwa, "Hati yako ya bima iko wapi?" Asipokuwa nayo, kazi hupewa kampani ya mbali, na kampani hiyo humtafuta fundi yule yule wa Ukunda na kumpa kibarua cha siku kwa nusu ya malipo. Hivyo yule asiyeweza kununua bima ndiye anayefanya kazi, na mwenye bima ndiye anayekula faida. Jambo hili hatuwezi kulinyamazia.

KWA NINI MDOGO HULIPA ZAIDI

Bima ya wafanya kazi huhesabiwa kwa mishahara. Kampani huuliza: Kwa mwaka mmoja unalipa mishahara kiasi gani, na kazi yako ina hatari gani? Kisha hutoza sehemu ndogo ya jumla ya mishahara. Hesabu hiyo peke yake ni ya haki. Lakini kampani nyingi zina kiwango cha chini cha malipo ambacho hazishuki hata kama kazi yako ni ndogo namna gani. Hapo ndipo mdogo anapoumia.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio bei ya kampani yo yote. Tuseme bei ni Sh. 2/- kwa kila Sh. 100/- za mshahara, na kiwango cha chini ni Sh. 7,500/-. Tajiri mwenye kulipa mishahara ya Sh. 3,000,000/- kwa mwaka atatoa Sh. 60,000/-, yaani mbili kwa mia. Sasa mtazame fundi mwenye msaidizi mmoja tu wa Sh. 8,000/- kwa mwezi. Kwa mwaka mshahara huo ni Sh. 96,000/-, na kwa bei ile ile angelipa Sh. 1,920/-. Lakini kiwango cha chini kinamzuia, naye atatozwa Sh. 7,500/-, karibu nane kwa mia. Mdogo amelipa karibu mara nne ya bei ya mkubwa, kwa hatari ya namna moja.

Tena Sheria ya Bima, Sura ya 487, haimruhusu mwenye kampani kuanza kuibeba hatari kabla hajalipwa. Fundi anayepata Sh. 200/- kwa ufunguo mmoja na Sh. 1,500/- kwa kitasa, naye ana ada za shule na unga wa nyumbani, atazitoa wapi elfu saba na mia tano kwa siku moja? Basi huahirisha mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika huahirisha tena.

Juu ya bei kuna tozo za sheria. Ni 0.2 kwa mia kwa ajili ya mafunzo, 0.25 kwa mia kwa ajili ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, na Sh. 40/- za stempu. Kwa bima ya Sh. 7,500/- jumla ya tozo hizo haifiki hata Sh. 75/-. Kwa hiyo wakala akikwambia kuna "pesa za Serikali" elfu moja au mbili juu ya bei, mwambie aziandike na kutia sahihi. Utaona atakavyosahau.

YALIYOMO NA YASIYOMO

Ndugu, bima si dua ya kukinga kila balaa. Ni mapatano yaliyoandikwa, na yasiyoandikwa humo hayapo. Fundi wa kufuli ana hatari zake mwenyewe, na twataka kila mmoja azijue kabla ya kutoa pesa.

Ya kwanza ni vyombo. Mwambie mwuzaji wa bima kwamba vyombo vyako husafiri, tena husafiri kwa matatu, kwa pikipiki na kwa mashua, na umtake aandike hivyo. Ukisema uongo juu ya thamani yake utajiumiza mwenyewe. Mtu mwenye vyombo vya Sh. 200,000/- akiandikisha Sh. 100,000/- ili alipe kidogo, kisha akaibiwa vya Sh. 50,000/-, mikataba mingi itampa Sh. 25,000/- tu, kwa sababu alikata bima ya nusu. Hata hiyo itapunguzwa na sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe.

Ya pili ni mali ya mteja. Bima ya madhara kwa watu wengine hulipa ukimwangushia mpita njia nyundo au ukivunja kioo cha jirani. Lakini mara nyingi hailipi kitu kile kile ulichokishika mkononi kukitengeneza, wala hailipi kazi mbaya. Ukitoboa mlango wa mninga wa watu kwa keekee ukauharibu, usishangae kuambiwa mlango huo haumo. Uliza kabla, si baada.

Ya tatu ni ufunguo malaya, ule unaofungua vyumba vyote. Mafundi wengi hupewa ufunguo huo hotelini wakafanye kazi, nao huutia mfukoni kama ufunguo wa nyumba yao. Ukipotea, hoteli haiwezi kungoja kuona nani ameuokota. Itabadilisha vitasa vya vyumba vyote, na hesabu italetwa kwako. Kupotea kwa funguo na gharama ya kubadilisha vitasa ni jambo ambalo mikataba mingi ya kawaida hailibebi mpaka liongezwe kwa mstari wake wenyewe. Fundi anayefanya kazi za hoteli bila mstari huo anatembea na deni mfukoni.

Ya nne ni tuhuma. Bima nyingi za wizi hutaka mwizi awe ameingia kwa nguvu, alama za kuvunja zionekane. Mwenye duka akiibiwa na mlango wake ni mzima, kampani yake itakataa kulipa, na yeye atageuka na kusema, "Nani alinichongea ufunguo?" Kwa hiyo weka daftari. Andika tarehe, aliyeleta ufunguo, mlango ulikofunguliwa na hati uliyoonyeshwa. Usimfungulie mtu mlango kwa sababu amesema ni wake. Daftari la Sh. 100/- laweza kukutetea pale ambapo bima ya maelfu itanyamaza.

Wako pia wanaosema, "Mimi nalipa SHA, inanitosha." Mfuko wa afya ulioanza Oktoba 2024 mahali pa NHIF, ambao hutoza 2.75 kwa mia ya mapato na si chini ya Sh. 300/- kwa mwezi, kazi yake ni matibabu. Haulipi mshahara uliopotea kwa kidole kilichokatika, wala mashine iliyozama Bodo. Kila kitu kina mahali pake.

MWANAFUNZI WAKO NI MFANYA KAZI

Sasa tutasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile watu huiita WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Watu wa sheria waliipinga mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitangua vifungu vyake, mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: sheria ni halali. Tangu hapo hakuna mwajiri wa kusema kesi ingali inaendelea.

Tunaijua sheria hiyo vizuri tunapomwendea tajiri wa hoteli. Lakini sheria hiyo hiyo yasema mfanya kazi ni pamoja na mwanagenzi, yaani mtu aliye katika kujifunza kazi. Wewe fundi mwenye kijana anayekushikia tupa na kukufagilia chembe za chuma, wewe ni mwajiri. Hapana njia ya kusema, "Huyu ni mpwa wangu, mamake ameniletea nimfunze." Chembe ya shaba ikimwingia jichoni haitauliza kama yeye ni mpwa.

Fidia yenyewe si kitu kidogo. Mfanya kazi akifa kazini, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, sheria inataja mapato ya miezi 96. Kwa mtu wa Sh. 15,000/- kwa mwezi hiyo ni Sh. 1,440,000/-. Akilemaa kwa sehemu, hulipwa sehemu ya jumla hiyo. Tuseme ulemavu umeandikwa kuwa kumi kwa mia, basi ni Sh. 144,000/-. Sasa jiulize, wewe fundi, ni siku ngapi za kuchonga funguo zitaleta pesa hizo? Mwenye bima hulipiwa. Asiye na bima huuza shamba la minazi, au humkimbia mama wa yule kijana. Yote mawili tumeyaona.

Na wewe kijana, ukiumia usinyamaze kwa haya. Mwarifu mwajiri mara moja. Mwajiri akipata habari ana siku saba kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na madai ya fidia yapaswa kutolewa kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Weka karatasi ya hospitali. Wengi wamepoteza haki yao kwa kungoja ahadi za mdomo.

SI KILA KAMPANI NI NGOME

Wazee wetu wana sababu ya kuziogopa kampani za bima. Mwaka 1996 Kenya National Assurance, iliyokuwa ya Serikali, ilianguka. Mwaka 2005 United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi, mwaka 2009 Standard Assurance, na mwaka 2011 Blue Shield. Watu waliolipa miaka mingi walibaki na makaratasi. Leo kuna ule Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini mpaka wake ni Sh. 250,000/- kwa dai moja, na kungoja kwake hakuna raha. Kwa hiyo uliza kwanza kama kampani na wakala wana leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Lipa kwa hesabu ya kampani wala si katika simu ya wakala, na usiondoke bila risiti.

Jambo jingine wa pwani wasisahau. Mwezi Agosti 1997 machafuko yalianza Likoni, vibanda na maduka yakachomwa moto, wageni wakatoweka katika hoteli za kusini, na wafanya kazi wengi wakarudishwa nyumbani. Bima ya kawaida ya moto huacha nje moto wa machafuko ya siasa. Atakaye hilo liwemo hununua mstari wa ziada. Mwenye kibanda kando ya barabara kuu afikiri juu ya mstari huo.

Wako ndugu wengine, hasa vijijini mwetu Funzi, Bodo na Shirazi, wanaokaa mbali na bima kwa ajili ya dini. Chama hakitoi fatwa. Twawaambia tu kwamba tangu mwaka 2011 iko hapa Kenya kampani ya takaful, ambayo watu huchangiana hatari katika mfuko mmoja. Waulize masheikh wao, kisha waamue. Sheria ya majeraha haimsamehe mwajiri ye yote.

TUNALOTAKA

Kulalamika peke yake si kazi ya chama. Haya ndiyo maoni yetu.

(1) Mafundi wanunue pamoja. Turudi kwenye hesabu yetu. Mafundi 20, kila mmoja na msaidizi wa Sh. 96,000/- kwa mwaka, wana mishahara ya Sh. 1,920,000/-. Kwa bei ile ya mbili kwa mia jumla ni Sh. 38,400/-, yaani Sh. 1,920/- kwa kila fundi badala ya Sh. 7,500/-. Kile kiwango cha chini hakiwagusi tena. Si kila kampani itakubali bima ya kundi, lakini mtu mmoja hasikilizwi na ishirini husikilizwa. Kikundi kiandikishwe kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, kiwe na orodha ya majina, daftari la vyombo na mweka hazina anayeaminiwa. CIC yenyewe, iliyo leo kampani kubwa ya bima, ilianza mwaka 1968 kama wakala mdogo wa vyama vya ushirika.

(2) Akiba ianze sasa. Sh. 160/- kwa mwezi kwa miezi 12 ni Sh. 1,920/- kamili. Haba na haba hujaza kibaba. Atakayengoja siku ya kulipa ndipo atafute pesa hatazipata.

(3) Wenye hoteli walipe bei ya kweli. Ukitaka fundi mwenye bima, sehemu ya bima iandikwe katika bei ya kazi na ilipwe. Haifai kudai hati ya mamilioni kwa kazi ya kubadilisha makufuli matatu ya bohari. Kiasi cha bima kilingane na kiasi cha kazi.

(4) Kampani inayomchukua fundi wetu kwa kibarua ni mwajiri wake. Bima ni juu yake, na asikatwe mfanya kazi hata senti kwa ajili hiyo. Anayekatwa alete jina lake ofisini kwetu. Halitapigiwa kelele hadharani, lakini litafuatwa.

(5) Hati ya bima ionekane. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1969, mwajiri hutakiwa awe na bima ya wafanya kazi isiyopungua pauni milioni 5, na wafanya kazi waweze kuiona hati yake. Hapa kwetu hati nyingi zimefungiwa mezani mwa karani, na mfanya kazi hajui hata jina la kampani. Itundikwe ukutani.

(6) Mafundi nao watimize wajibu wao. Miwani ya kazi kwa bwana na kwa mwanafunzi. Daftari la funguo. Risiti za vyombo ziwekwe nyumbani, wala si ndani ya sanduku lenyewe. Kampani ikiona mafundi wenye mpango, hata bei yaweza kuteremka. Ikiona wazembe, itapanda kwa wote.

Fundi yule wa Bodo amekwisha azima jiliwa na tupa kwa wenzake, na amerudi kazini. Aliazimwa kwa sababu wenzake wanajua kwamba kesho yaweza kuwa zamu yao. Hilo ndilo asili ya bima kabla ya makaratasi na kampani: wengi kumbeba mmoja. Lililobaki ni kulifanya kwa mpango, kwa hesabu na kwa maandishi, ili msaada usitegemee huruma ya jioni moja.

Mafundi wote wa kufuli, wa umeme, wa mbao na wa vyuma, kutoka Diani mpaka Funzi, waandike majina yao kwa wajumbe wa matawi yao, pamoja na idadi ya wasaidizi na thamani ya vyombo. Msifiche wanafunzi wenu. Orodha yenye uongo haitatuletea bei nzuri, na siku ya ajali haitamlipa mtu.

Umoja ni nguvu.